Kukariri, kuvunja au kusikiliza wodini: njia ipi ya kujifunza istilahi za tiba inakufaa?

Wanafunzi wapya wakiletwa wodini kwetu kwa mafunzo ya vitendo, huwa nayaangalia madaftari yao kabla sijawaangalia wao. Kuna mwenye kaunta buku iliyopigwa mstari katikati, kushoto neno, kulia maana, kurasa na kurasa kama daftari la wapiga kura. Kuna ambaye maneno yake yamekatwakatwa kwa kalamu nyekundu, kila kipande na maelezo yake. Na kuna yule ambaye daftari lake halina kitu, lakini ukimtafuta utamkuta pembeni ya kitanda anapiga soga na mgonjwa. Wote watatu wanajifunza istilahi zilezile. Utawatofautisha siku wakikutana na neno ambalo hakuna aliyewafundisha.

Mimi ni muuguzi mkunga. Chuoni nilianza na daftari la kwanza nikafeli nalo, nikahamia la pili, na la tatu nililiokota kazini. Kwa hiyo kwenye ulinganisho huu nina upande wangu, na nausema mapema: anayeanza stashahada aanze kwa kuvunja maneno, ila asipitishe mwezi kabla hajaanza kutega masikio wodini. Kukariri kuna mahali pake, na mahali penyewe ni padogo kuliko wengi wanavyodhani.

Neno moja, madaftari matatu

Chukua "pyelonephritis". Kwa wanaohudumia wajawazito, si neno geni.

Mwenye orodha ameandika: maambukizi ya figo. Ni sahihi, na mtihani utamlipa. Atalirudia mpaka limkae. Wiki mbili baadaye akikutana na "nephrolithiasis" anaanza moja, maana kwake huo ni mstari mwingine kabisa.

Mwenye kalamu nyekundu anakata: pyelo, nephr, itis. Kwa Kigiriki "pyelos" ni beseni, "nephros" ni figo, na "-itis" ni uvimbe wenye moto na maumivu. Anasoma kuanzia mkiani: uvimbe wa figo pamoja na beseni lake, yaani ile sehemu ya ndani inayokusanya mkojo kabla haujashuka. "Nephrolithiasis" likija, nusu yake tayari anayo. Kilichobaki ni "lithos", jiwe. Mawe kwenye figo.

Mwenye daftari tupu hajaandika hata herufi. Lakini amemwona mama wa mimba ya miezi sita akitetemeka kwa homa mpaka kitanda kinalia, na daktari alipomgonga taratibu mgongoni, chini kidogo ya mbavu, mama aliruka. Neno lilitajwa pale pale kwenye raundi, na huyo hatalisahau mpaka anazeeka. Tatizo ni siku atakayotakiwa kuliandika kwenye faili: kati ya p na y na h, jasho litamtoka.

Kuvunja: kazi uliyoifanya kidato cha pili bila kujua faida yake

Mwalimu wa Kiswahili alikuandikia ubaoni "hawatapikiana", akakuambia utenge viambishi awali, mzizi na viambishi tamati. Ukatenga: ha-wa-ta-pik-i-an-a. Ulilalamika kwamba haitakusaidia kitu maishani. Basi istilahi za tiba ni somo lile lile la uambishaji, limevaa koti jeupe. Mtu aliyekulia kwenye lugha ambayo mtu, watu, utu na kijitu vyote vimetoka kwenye shina moja hapaswi kuogopa "gastroenteritis".

Kuna jambo moja tu la kubadilisha: hapa neno linaanza kusomwa kutoka nyuma. Mkia ndio unaokuambia unashughulika na nini, ugonjwa, kipimo au kisu. Na mikia ya kisu ndiyo ya kujifunza kwa makini, kwa sababu inafanana na kila mmoja una matokeo yake kwa mgonjwa. "-otomy" ni kukata na kufungua. "-ostomy" ni kufungua na kuacha tundu. "-ectomy" ni kukiondoa kitu chenyewe. Mgonjwa wa "colostomy" anarudi kutoka chumba cha upasuaji na mfuko wa choo ubavuni, na ndugu zake wanahitaji kuandaliwa mapema. Mgonjwa wa "colectomy" ameondolewa utumbo mpana, wote au sehemu. Herufi chache tu, lakini mazungumzo na familia ni tofauti kabisa.

Kinachowachosha wengi kwenye njia hii ni kwamba kila kiungo kina majina mawili. Figo ni "nephr-" na pia "ren-". Mapafu ni "pneumon-" na pia "pulmon-". Mji wa mimba una matatu: "hyster-", "metr-" na "uter-". Sababu ni historia. Tiba ya Ulaya iliyaelezea magonjwa kwa Kigiriki tangu enzi za Hippocrates na Galen, lakini waliokuja kuupasua mwili na kuuchora, akina Vesalius aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1543, waliandika kwa Kilatini. Ndiyo maana, kwa kukisia tu, ugonjwa na upasuaji huelekea kuwa na mzizi wa Kigiriki, na jina la sehemu ya mwili huelekea Kilatini. Kanuni hiyo inavuja, lakini inabeba maji ya kutosha kukufikisha nyumbani.

Na sisi tunalo jambo hilo hilo. Mganga ni neno la Kibantu, tabibu limetoka Kiarabu, daktari limetoka Ulaya. Yote ni mtu anayetibu. Lakini ukimwita daktari bingwa "mganga" katikati ya raundi utaona sura yake, ingawa bosi wake wa juu kabisa anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali na hakuna anayecheka. Hayo hatukuyakariri, tuliyazoea. Hata "renal" na "nephritis" huzoeleka hivyo hivyo.

Kuhusu gharama, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Vipande vyangu vya mwaka wa kwanza nilivyovihesabu havikufika 150, na viliniwezesha kukisia maana ya maneno mengi ambayo sikuwa nimeyaona. Kalamu mbili na daftari vinatosha. Kozi za mtandaoni za istilahi za tiba, za bure na za kulipia, nyingi zinafundisha vipande hivi hivi. Ukilipia, unalipia mpangilio na cheti.

Mahali ambapo kuvunja kunakudanganya

Waalimu wengi wa njia hii hawasemi ukweli hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Malaria" ukilivunja unapata hewa mbaya, kwa Kiitaliano. Walioliita hivyo waliamini homa inatoka kwenye mvuke wa mabwawa, na jina likabaki hata baada ya Ronald Ross kumwona mdudu ndani ya mbu mwaka 1897. "Anaemia" kwa kulivunja ni kutokuwa na damu, wakati mgonjwa wako damu anayo, ila imepungukiwa. "Coronary" utaapa linatokana na "cor", moyo wa Kilatini. Limetoka kwenye "corona", taji, kwa jinsi mishipa ile inavyouzunguka moyo.

Mfano ninaoupenda ni "eclampsia". Kwa Kigiriki ni kumweka kwa nuru ghafla. Sasa mwanafunzi aliyevunja neno akapata nuru ameelewa nini? Bibi yangu, ambaye hakuona mlango wa chuo, aliuita ugonjwa huo kifafa cha mimba: jina linakuambia mgonjwa ni nani na utaona nini. Hapo Kiswahili kimeshinda, na sioni sababu ya kuona haya kuliandika neno hilo kwanza kwenye daftari na la Kigiriki likafuata.

Halafu kuna mapacha. "Dysphagia" ni shida ya kumeza, "dysphasia" ni shida ya kusema, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili. "Ileum" ni utumbo, "ilium" ni mfupa wa nyonga. "Pyo-" ni usaha, "pyelo-" ni beseni, "pyr-" ni moto wa homa. "Perineal" na "peroneal", moja msambani na jingine mguuni, zilichanganya watu kiasi kwamba orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ya 1998 ililitanguliza jina "fibular" kwa lile la mguuni.

Pacha wabaya kuliko wote ni "hyper-" na "hypo-". Zikisemwa haraka na mtu aliyechoka, saa ya kupokezana zamu, zinasikika sawa. Ukikosea kwenye sukari, unampa insulini mtu ambaye sukari yake imeshashuka. Hapa tena nimeokolewa na wagonjwa. Wao husema presha ya kupanda na presha ya kushuka, hakuna anayezichanganya. Kwa hiyo nikipokea ripoti kwa simu narudia kwa Kiswahili: "Sukari imepanda au imeshuka? Ngapi?" Mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia naongea kama mtu wa sokoni. Nikamjibu sokoni hawakosei hesabu.

Kukariri: pale ambapo hakuna cha kuvunja

Vifupisho havina mizizi ya kukusaidia. BD (mara mbili kwa siku), TDS (mara tatu kwa siku), PRN (inapohitajika) ni Kilatini kilichokatwa, na kazi ni kuvimeza tu. Tena vingine vina sura mbili: OD kwenye karatasi nyingi za dawa ni mara moja kwa siku, lakini kliniki ya macho OD ni jicho la kulia. Anayesomea famasia hili kwake ni chakula cha kila siku, na ndiyo sababu bahasha ya dawa anayopewa mgonjwa huandikwa 1x3, ambayo hata asiyesoma Kiingereza anaielewa.

Majina ya watu nayo hayavunjiki. Uvimbe wa Burkitt umebeba jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Na yako majina ya kwetu yaliyoingia kwenye vitabu vya dunia bila kupitia Ugiriki. Chikungunya ni Kimakonde, linamaanisha kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyoinama kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwenye mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. O'nyong-nyong, homa inayofanana nayo, ni Kiacholi, kutoka Uganda 1959. Kwashiorkor ni Kiga cha Ghana. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Newala alicheka kwa sauti siku alipoliona neno la nyanya yake kwenye mtihani wa Kiingereza. Yeye hakuhitaji kukariri.

Ukiwa huna budi kukariri, usikariri kwa kusoma orodha kutoka juu hadi chini. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 jinsi kumbukumbu inavyoporomoka upesi isiporudiwa, na programu ya Anki imejengwa juu ya wazo hilo: kadi unayoikosea inarudi kesho, unayoipata inarudi baada ya siku nyingi zaidi. Kwenye simu za Android na kwenye kompyuta ni ya bure, kwenye iPhone inalipiwa. Kadi zikishakuwa ndani ya simu hazihitaji bando, jambo ambalo mwanafunzi wa bweni analielewa kuliko mimi. Onyo langu ni moja. Usipakue furushi la maelfu ya kadi lililotengenezwa na wanafunzi wa udaktari wa Marekani. Tengeneza zako, kumi kwa siku, kutoka kwenye maneno uliyokutana nayo siku hiyo. Ukizitengeneza mwenyewe, nusu ya kazi imeisha kabla hujaanza kurudia.

Ubaya wa njia hii ukitumiwa peke yake nimeuonja. Mwaka wa kwanza nilikariri maneno 400 hivi nikapata alama nzuri. Likizo ya mwezi mmoja ikanirudisha nikiwa na kama robo.

Kusikiliza wodini: njia isiyo na mtihani

Sekondari tumesoma kwa Kiingereza, chuo kwa Kiingereza, faili linaandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa hayumo kwenye mpango huo. Kazi ya muuguzi au tabibu ni kusimama katikati na kuvusha maneno kwa pande zote mbili, na kuvusha huko hakufundishwi na orodha wala kalamu nyekundu.

Mama anasema: "Hii ni mimba ya tatu, wawili wako nyumbani." Wewe unaandika G3P2, yaani mimba tatu, kuzaa mara mbili. Ni rahisi, mpaka ugundue "wawili wako nyumbani" ni hesabu ya waliopo. Wa kwanza alizaliwa akafariki, na mimba hii ni ya nne. Swali sahihi ni "Umeshika mimba mara ngapi, na umezaa mara ngapi, hata kama mtoto hakukaa?" Maana ya "gravida" na "para" utaipata darasani, lakini namna ya kumuuliza mama mpaka akupe namba ya kweli utamsikia sista mzee tu akiifanya.

Au chukua UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, neno ambalo siku hizi kila mtu mjini analitamka. Mzee mmoja aliandikiwa UTI kwenye karatasi, kijana wake akaisoma "uti". Nyumbani wakaelewa ni uti wa mgongo, ugonjwa unaoua kwa siku chache. Walirudi jioni watu sita, wawili wanalia. Karatasi ilikuwa sahihi kabisa, na daktari hakukosea herufi.

Kuna "kichomi", ambacho kwa wengine ni nimonia na kwa wengine ni maumivu yoyote ya kuchoma ubavuni. Kuna "tumbo", linaloanzia chini ya kifua na kuishia popote. Muulize mgonjwa aonyeshe kwa kidole, usiandike "stomach" kwa sababu tu amesema tumbo.

Udhaifu wa wodini ni kwamba utajua cha wodi yako tu. Mimi nikipelekwa wodi ya mifupa leo nitakuwa mwanafunzi. Pia utajifunza makosa ya waliokutangulia pamoja na ujuzi wao. Kwa miaka miwili niliandika neno moja vibaya kwa kuwa aliyenifundisha aliliandika hivyo, na wote tulikuwa tunaelewana, mpaka mgonjwa alipopewa rufaa kwenda hospitali ambako hawakutuelewa.

Basi uchague ipi?

Uuguzi, ukunga, utabibu: vunja kwa wiki tatu au nne za mwanzo, dakika 30 kwa siku, kisha uhamie wodini na daftari lenye safu tatu: neno la faili, vipande vyake, na neno alilosema mgonjwa. Safu ya tatu ndiyo itakayokutofautisha na wenzako.

Maabara: kuvunja kunalipa zaidi kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote, maana majina ya seli na vipimo yamejengwa kwa vipande karibu yote. Famasia: vifupisho na majina ya dawa, kwa hiyo Anki. Kutunza kumbukumbu za afya: tahajia, tahajia, tahajia. Herufi moja ikipotea, ugonjwa umepata namba nyingine kwenye takwimu.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niwie radhi kama unatarajia nikupe Kigiriki. Huna haja nacho mwaka huu. Jua dalili za hatari kwa Kiswahili kinachoeleweka mtaani kwako, na vifupisho vilivyomo kwenye fomu zako, basi.

Kundi la mwisho ni ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanaotafuta kazi ya ukalimani hospitalini. Marekani, mitihani ya kitaifa ya wakalimani wa tiba inataka uwe umepitia angalau saa 40 za mafunzo, na wengi hudhani saa hizo ndizo zitakazowapa maneno. Zinafundisha maadili na namna ya kukalimani zaidi kuliko msamiati. Nyinyi njia yenu ni kuvunja kwa upande wa Kiingereza na kusikiliza kwa upande wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe si kimoja. Mgonjwa aliyetoka Kongo anaweza kukuambia ana palu akimaanisha malaria, au tansio akimaanisha presha, kwa kuwa jirani wa Kiswahili chake ni Kifaransa. Mkalimani wa Tanga asiyejua hilo ataduwaa na mgonjwa ataduwaa.

Ukianza lile daftari la safu tatu, ukurasa wa kwanza andika juu yake "mshipa". Kwa mgonjwa mmoja ni mshipa wa damu. Kwa mwingine ni neva, au kano la misuli. Kwa mzee anayeona haya ni ngiri, au busha, na hatakwambia mpaka wewe umwombe kijana wa kiume amhudumie. Ukurasa wangu ulianza na mistari minne. Sasa una saba, na wa saba niliuandika mwezi uliopita.